Nyumba ya bati Mwanza: namna ya kuipoza na kupunguza uniti za LUKU, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila kiangazi. Nyumba yangu Buhongwa ina fukuto hadi usiku wa manane, ninunue kiyoyozi cha ukubwa gani? Nimepiga gipsamu nzuri lakini chumbani hapalaliki, fundi kanidanganya? Bati la rangi gani halivuti joto? Mbona uniti zinaisha haraka wakati sina kitu cha maana kinachokula umeme? Nimeyakusanya majibu hapa kwa mpangilio wa kufuatwa, uwe mwenye nyumba au mpangaji, uwe Nyakato, Igoma, Kirumba au kwenye miamba ya Mabatini.

Kabla ya yote, elewa jambo moja. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na ziwa liko mlangoni. Mchana, kivulini, joto huwa kwenye nyuzi 27 hadi 30, na usiku hushuka kuelekea 18. Kwa hiyo chumba chako kikisoma nyuzi 33 saa mbili usiku wakati nje kuna upepo mzuri, joto hilo limetengenezwa na nyumba yenyewe, na sehemu kubwa imeshuka kutoka kwenye bati. Jua la mchana lisilo na wingu humwaga karibu wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba ya paa. Hiyo ni kama pasi moja ya umeme iliyowashwa juu ya kila mita. Paa la mita 100 za mraba lina pasi 100 juu yake, na wewe chini unatafuta feni.

Ndiyo maana mpangilio ni huu: kwanza zuia joto lisiingie, pili lipe lililoingia njia ya kutoka, na vifaa vya umeme vije mwisho. Wengi huanza na vifaa, halafu LUKU inawamaliza.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Vipimajoto viwili vya ukutani, vya bei ndogo. Viweke pamoja kwa saa moja uone kama vinasoma sawa. Vikitofautiana, andika tofauti hiyo ili uitoe kwenye vipimo vyako.
- Daftari na kalamu.
- Simu yenye dira.
- Vijiti vichache vya udi. Moshi wake utakuonyesha hewa inakokwenda.
- Ngazi imara, na mtu wa kuishika. Usipande peke yako.
- Brashi ngumu, mpira wa maji na sabuni ya unga.
- Wavu mgumu wa matundu madogo, wa kuzuia mbu na popo.
- Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, kwa kazi yoyote inayogusa nyaya.
- Ruhusa ya mwenye nyumba kama umepanga. Hatua ya 1, 2, 3, 8 na 9 unaweza kuzifanya bila kugusa jengo la mtu.

Onyo la mapema: kama nyumba ni ya zamani na paa lake si bati bali ni vigae vikubwa vya kijivu vyenye mawimbi, huenda ni asibesto. Usikwangue, usitoboe, usisugue kwa brashi. Vumbi lake huharibu mapafu. Ruka hatua ya 4, 5 na 6, na ukitaka kubadilisha paa tafuta watu wenye vifaa vya kazi hiyo.

Hatua ya 1: Pima joto kwa wiki moja

Tundika kipimajoto kimoja chumbani, usawa wa kifua, mbali na dirisha na friji. Kingine kiweke nje, kivulini, mahali ambapo jua halikifikii saa yoyote. Andika saa tisa alasiri, saa mbili usiku na saa kumi na moja alfajiri.

Ndani ikiizidi nje saa tisa alasiri, jua linakuingia kupitia paa au madirisha. Ndani ikiizidi nje sana saa mbili usiku, kuta na dari zimehifadhi joto na hewa haipiti. Ikiwa hata alfajiri ndani kuna moto kuliko nje kwa nyuzi nne au tano, nyumba haipumui kabisa. Itilie mkazo hatua ya 8.

Kuna kipimo kingine kisicho na gharama. Saa tisa alasiri panda kwenye stuli, inua kiganja karibu na dari bila kuigusa. Ukihisi joto usoni na kiganjani, dari yako inakupiga joto kutoka juu na hakuna feni itakayokusaidia mpaka ushughulikie paa. Sikiliza pia jua linapozama: bati lililokuwa na moto sana hulia pa, pa, linapopoa na kujikunja.

Wasiopima hukosea kwa namna moja: wanapaka rangi, wanapanda miti, wanabadilisha madirisha, kisha hawajui ni kipi kilichosaidia. Wiki moja ya daftari itakuokoa na matumizi mengi.

Hatua ya 2: Soma mita yako

Kwenye mita ya LUKU kuna taa ndogo nyekundu inayomweka, na karibu yake kuna namba imeandikwa, kwa mfano 1000 imp/kWh. Maana yake taa ikimweka mara 1,000 umetumia uniti moja. Zima kila kitu, kisha angalia. Taa ikiendelea kumweka, kuna kitu hujakizima au kuna umeme unavuja.

Sasa washa kifaa kimoja na uhesabu mimweko ya dakika moja. Kwa mita ya 1000, zidisha hesabu yako kwa 60 upate wati. Mimweko 10 kwa dakika ni wati 600. Fanya hivyo kwa friji injini yake ikinguruma, kwa jagi la umeme, pasi, televisheni na hita ya bafuni. Kama mita iko juu ya nguzo, soma uniti zilizobaki kwenye kifaa chako cha kuingizia tokeni, asubuhi na jioni, siku unapotumia kitu na siku usipokitumia.

Mfano wa kukufungua macho: hita ya kuogea ya wati 3,500, watu wanne, kila mmoja dakika 10. Hiyo ni dakika 40 kwa siku, yaani uniti 2.3. Kwa mwezi ni uniti 70. Mteja wa D1, yule wa matumizi madogo, mpaka wake ni uniti 75 kwa mwezi kabla bei haijapanda. Hita peke yake imekula karibu zote.

Hatua ya 3: Lijue jua la nyumba yako

Toa simu, fungua dira, andika kila dirisha na ukuta unaelekea wapi. Kazi ya nusu saa.

Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta. Katikati ya Machi na mwisho wa Septemba jua hupita utosini kabisa. Juni hupita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini, lakini mara zote mbili liko juu sana. Kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini si tatizo kubwa: ukingo wa paa wa sentimita 60 ukiwa juu tu ya dirisha la urefu wa mita 1.2 unalikinga na jua la adhuhuri karibu mwaka mzima.

Tatizo ni magharibi. Saa zetu zinafuata nchi nzima, lakini sisi tuko magharibi ya nchi, hivyo jua hufika kilele saa saba kasoro dakika chache na kuzama karibu saa moja kasorobo jioni. Alasiri yetu ni ndefu. Saa kumi na moja jioni jua limeshuka chini, linachungulia chini ya ukingo wa paa, na ungehitaji ukingo wa zaidi ya mita 2 kulizuia. Ukuta wa magharibi unapigwa saa nne au tano mfululizo, kisha unaingia usiku ukiwa na moto. Ndiyo maana chumba cha magharibi hakilaliki.

Kwa walio Nyegezi na Luchelele, ziwa liko magharibi, na kila mtu anataka dirisha kubwa la kulitazama. Nawaelewa, mandhari ya ziwa ni neema. Lakini kioo kikubwa cha magharibi bila baraza ni jiko. Litazame ziwa kutoka barazani.

Hatua ya 4: Ipe hewa ya darini njia ya kutoka

Hapa ndipo pesa kidogo inapofanya kazi kubwa, na ndipo mafundi wengi hukwepa.

Kati ya bati na dari kuna nafasi ya kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Mchana hewa ya humo huwaka, na kama imefungwa pande zote haina pa kwenda, hivyo joto lake linashuka kupitia gipsamu mpaka kitandani kwako. Nyumba nyingi mpya zimezibwa kabisa: fishabodi (ubao wa ukingoni mwa paa) imegusa ukuta, ubao wa chini ya ukingo umefungwa, na juu kofia (bati la kufunika kilele) imebanwa. Nyumba za paa la kujificha ni mbaya zaidi, maana kuta zinazolizunguka huzuia hata upepo.

Fanya hivi:

a) Toboa matundu ya chini, kwenye ubao ulio chini ya ukingo wa paa, pande zote mbili za nyumba.

b) Toboa matundu ya juu, kwenye ukuta wa pembetatu mwishoni mwa paa, karibu na kilele kadiri uwezavyo. Kama paa lako ni la migongo minne na halina pembetatu, fundi bati anaweza kuinua kofia kidogo na kuacha upenyo wenye kinga ya mvua.

c) Ukubwa: gawa eneo la dari kwa 150. Dari ya mita 100 za mraba inahitaji matundu ya jumla ya theluthi mbili ya mita ya mraba, nusu chini na nusu juu. Wavu hupunguza nafasi ya hewa, kwa hiyo ongeza kidogo.

d) Ziba kila tundu kwa wavu mgumu. Usiliache hata moja wazi. Popo wakiingia darini kuwatoa ni vita, na Kanda ya Ziwa si mahali pa kuwafungulia mbu mlango.

e) Matundu ya ukutani yawekee vibao vya mlalo vinavyoinamia nje. Mvua za ziwani huja na upepo na hupiga ubavuni.

Ukimaliza, saa nane mchana washa kijiti cha udi karibu na tundu la chini, nje. Moshi ukivutwa kuingia ndani, umefaulu: hewa ya moto inatoka juu na kuvuta ya baridi chini. Moshi ukisimama au ukirudi usoni kwako, matundu ya juu ni madogo au yameziba.

Makosa ya kawaida: kuweka matundu ya juu peke yake. Hewa haiwezi kutoka kama hakuna inayoingia. Lingine ni kutoboa dari ya chumbani ukidhani joto litapanda. Mchana litashuka, pamoja na vumbi na harufu ya popo.

Hatua ya 5: Paka bati rangi nyeupe

Bati jeusi, la kijivu cha mkaa au jekundu la giza hunyonya sehemu kubwa ya jua linaloligusa, na mchana linaweza kupita nyuzi 60. Rangi nyeupe safi hurudisha angani zaidi ya theluthi mbili ya jua hilo. Najua mabati meusi yanapendeza kwenye picha, na anayejenga leo anashawishika. Lakini kwa nyumba ya kulala watu, nyeupe, krimu au rangi yoyote nyepesi ndiyo ningemshauri ndugu yangu.

Msimu wa kupaka ni Juni hadi Septemba, kabla ya vuli.

1. Kagua misumari ya bati. Iliyolegea igongwe au ibadilishwe, yenye mpira uliochakaa iwekewe mpya. Upepo wa dhoruba ya ziwani huanza kung'oa paa kwenye msumari mmoja uliolegea.

2. Sugua bati kwa brashi, maji na sabuni. Toa kinyesi cha ndege, kuvu na vumbi lote. Suuza mara mbili.

3. Kwangua kutu, kisha paka hapo rangi ya awali ya kuzuia kutu.

4. Kama bati ni jipya la zinki linalong'aa, lisafishe kwa siki na uisuuze, au tumia rangi ya awali maalumu ya zinki. Rangi ya mafuta ya kawaida haishiki kwenye zinki mpya. Itabanduka kama ganda ndani ya misimu michache.

5. Paka mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mapaa. Anza asubuhi mapema, mara umande unapokauka, umalize kabla ya saa nne. Ukipaka bati la moto, rangi hukauka juu kabla haijashika chini.

Usipande bati lenye umande, na ukiwa juu kanyaga penye msumari tu, maana chini yake pana papi, ubao unaobeba bati.

Wengi huuliza kuhusu chokaa. Inapoza kweli na ni rahisi, lakini mvua za masika zitaiosha, na chokaa mbichi ikikaa na unyevu hula zinki ya bati. Kama unavuna maji ya mvua, chokaa hiyo itaishia kwenye simtanki. Hata rangi ya kawaida, hakikisha kwenye kopo imeandikwa kwamba haina madini ya risasi, na mvua mbili tatu za kwanza baada ya kupaka yamwage maji yake.

Hatua ya 6: Karatasi ya kung'aa chini ya bati

Kama unaezeka upya, au kama kuna nafasi ya mtu kupita darini, weka karatasi ya alminiamu ya kuzuia joto. Huuzwa kwa mabunda kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Inafanya kazi kwa kurudisha mwali wa joto unaotoka kwenye bati, lakini kwa sharti moja: lazima kuwe na nafasi ya hewa ya sentimita 2 au zaidi kando ya uso unaong'aa. Fundi akiibana katikati ya bati na ubao pasipo nafasi, umetupa pesa. Upande unaong'aa uangalie chini, maana ukiangalia juu vumbi litaufunika.

Alminiamu hupitisha umeme. Kabla ya kuitandaza, fundi umeme azikague nyaya zote za darini na kuziingiza kwenye mabomba.

Sishauri kujaza pumba za mpunga au majani makavu darini. Ni kweli huzuia joto, ila huleta panya, na waya mmoja ukichemka nyumba nzima imekwenda.

Hatua ya 7: Kinga ukuta wa magharibi

Haraka zaidi ni mmea wa kutambaa. Simamisha nguzo mbili, tandaza nyaya umbali wa sentimita 30 kutoka ukutani, otesha pasheni. Acha hiyo nafasi ili hewa ipite na ukuta usishike unyevu. Mipapai na migomba nayo hutoa kivuli mapema. Mwembe na mwarobaini ni ya kudumu, ila ipandwe mita 5 au zaidi kutoka msingi na mbali na shimo la choo, na kamwe si chini ya nyaya za TANESCO.

Asiye na ardhi aning'inize chandarua cha kivuli au mkeka wa matete nje ya dirisha. Nje, nasisitiza. Pazia la ndani huzuia mwanga, lakini joto limeshapita kwenye kioo na liko chumbani nawe.

Kwa walio mlimani, uangalie pia mwamba uliopakana na chumba. Jiwe kubwa hunywa jua mchana kutwa na kulirudisha usiku. Likiwa upande wa jua, lifunike kwa mmea wa kutambaa kama ulivyofunika ukuta.

Hatua ya 8: Fungua njia ya upepo

Mchana upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, usiku hugeuka na kushuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Nyumba yako inahitaji kufunguka pande mbili ili ifaidi zote.

Washa udi katikati ya chumba, fungua dirisha moja. Moshi utapanda wima. Fungua na dirisha la ukuta mwingine, au mlango unaotazamana nalo, uone unavyolala na kukimbia. Kama chumba kina dirisha moja tu, tundu juu ya mlango linasaidia sana. Zamani kila nyumba ilikuwa nalo, sasa watu wanaziba kwa kioo.

Dirisha la alminiamu la kusukuma hufunguka nusu tu. Ukilipia dirisha la mita 1.5, unapata upepo wa sentimita 75. La kufunguka kwa bawaba, au luva, linakupa karibu lote. Wavu wa mbu uliojaa vumbi na wadudu wa ziwani nao ni ukuta; usafishe kwa brashi na maji kila mwezi, na baada ya kila wimbi la wadudu.

Ratiba: kuanzia saa nne asubuhi hadi jua linapolegea, funga madirisha na mapazia ya upande unaopigwa na jua. Jioni nje ikishakuwa baridi kuliko ndani, fungua yote na uyaache usiku kucha kama grili na wavu ni imara. Vipimajoto vyako ndivyo vitakuambia saa.

Hatua ya 9: Sasa vifaa vya umeme

Kwa ufupi, kwa sababu hatua ya 2 imeshakuonyesha adui yako.

Hita ya bafuni: simtanki jeusi dogo juu ya paa, juani, hutoa maji ya vuguvugu ya kutosha kuoga jioni. Oga jioni, usisubiri alfajiri.

Friji: lisogeze sentimita 10 kutoka ukutani, mbali na jiko na jua. Bana noti mlangoni. Ikitoka bila kukaza, mpira umechoka, ubadilishe. Friji kuukuu la mtumba linaweza kula uniti maradufu ya jipya, kwa hiyo lipime kabla hujalisifia bei.

Taa: ya LED ya wati 9 inatosha palipokuwa na glopu ya wati 60. Taa za nje zinazowaka usiku kucha ndizo husahaulika; ya wati 20 kwa saa 12 ni zaidi ya uniti 7 kwa mwezi.

Pampu: kama kiwanja kiko mlimani, weka tanki mahali pa juu ili MWAUWASA (mamlaka ya maji ya Mwanza) wakileta maji lijae, kisha yashuke yenyewe. Kila mita 10 za mwinuko hukupa presha ya takribani bar 1, na pampu inapumzika.

Feni haipozi chumba, inampoza mtu. Ukitoka, izime.

Kama ndiyo kwanza unachora ramani

Bado una nafasi ya kupata bure vitu ambavyo wenzako wanavilipia. Pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini. Upande wa magharibi weka stoo, choo, ngazi au baraza pana, vyumba vya kulala viende mashariki au kusini. Jiko liwe upande ambao upepo hautabeba moto wake kuingia sebuleni. Ukingo wa paa usipungue sentimita 60. Kila chumba cha kulala kipate madirisha kwenye kuta mbili. Na uache miti iliyopo kiwanjani; ukiukata mwembe wa miaka 20 siku ya kusafisha kiwanja, watoto wako ndio watakaokaa chini ya kivuli cha utakaopanda badala yake.

Mambo yakikataa

*Nimepaka nyeupe, tofauti ni ndogo.* Angalia matundu ya hatua ya 4 kwanza. Kama yapo na yanavuta, joto lako linaingia magharibi. Pima chumba cha magharibi na cha mashariki saa moja jioni.

*Mwaka wa kwanza palipoa, sasa joto limerudi.* Paa limechafuka. Vumbi la barabara na kuvu huiua rangi nyeupe. Lioshe kila mwisho wa kiangazi kabla ya vuli.

*Dari inatoa madoa ya maji tangu nitoboe matundu.* Vibao havijainama vya kutosha, au tundu liko upande unaopigwa na mvua. Ongeza kofia ndogo ya bati juu yake.

*Naishi ghorofani, juu yangu ni zege.* Zege hushika joto na kulitoa usiku. Rangi nyeupe inafaa vilevile, na kivuli cha bati lililoinuliwa nusu mita juu ya zege, likiwa wazi pande zote, kinafaa zaidi.

*Nimefanya yote, na nina mgonjwa au mzee asiyevumilia joto.* Hapo kiyoyozi kina haki yake. Kiweke chumba kimoja, ziba mianya ya mlango na dirisha, kiwe cha inverta, ukiweke nyuzi 25 au 26. Kwa nyumba iliyokwisha kukingwa, kidogo kitatosha.

*Nimenunua umeme wa pesa ile ile nimepata uniti chache.* Soma risiti kabla ya kulaumu vifaa. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, na ununuzi wa kwanza wa mwezi ndio unaoibeba. Kama umevuka mpaka wa D1, bei ya uniti nayo imebadilika.

*Taa ya mita inamweka ingawa nimezima kila kitu.* Chomoa na plagi zote, hata chaja na king'amuzi. Ikiendelea, zima swichi kuu. Ikisimama hapo, kosa liko ndani ya nyumba: mwite fundi mwenye leseni, na usiendelee kutumia sehemu yoyote inayokupiga shoti. Ikiendelea kumweka hata swichi kuu ikiwa imezimwa, toa taarifa TANESCO.

*Rangi imebanduka sehemu sehemu.* Usipake juu yake. Kwangua pale palipoinuka hadi kwenye bati, safisha kwa siki, suuza, subiri likauke siku nzima, weka rangi ya awali ya zinki, kisha mikono miwili ya nyeupe asubuhi mapema.